Kuchambua Bila Kutazama


Hapa Nachingwea na Ruangwa korosho huchambuliwa kwa macho. Malighafi ya kompyuta ya kwantamu, yaani hali zake maalumu, ikitazamwa mojamoja huharibika. Mwaka 2005 Sergey Bravyi na Alexei Kitaev walionyesha njia: hali 15 zenye kasoro hupimwa kwa pamoja, dalili ya kosa ikionekana, zote hutupwa, zikifaulu, hupatikana moja iliyo safi zaidi. Kosa la 1 katika 100 hushuka hadi kama 35 katika 1,000,000. Bila usafi huo hesabu ndefu haziaminiki.

Waliyapata hayo kwa hisabati, mashine yenyewe ikiwa bado. Basi vijana, msiikimbie hisabati.