HAKI YA MTU ANAYEKAIMU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kigoma)



Nataka tulitazame jambo moja lililowapata wengi wetu hapa Kigoma na Ujiji, nalo ni malipo ya mtu anayekaimu cheo kilicho juu ya chake.

Neno "kaimu" tumelipata katika Kiarabu, na maana yake ni asimamaye. Kaimu ni mtu asimamaye mahali pa mwingine. Je, huyu alipwe kwa mshahara upi? Mwulizeni mvuvi wa Kibirizi. Nahodha akiugua, na mmoja wa mabaharia akashika usukani usiku kucha, je, asubuhi agawiwe fungu la mfua maji? Hapana, kwa sababu malipo hufuata kazi.

Walakini haki hii haikuanza jana, wala haikuja kwa urahisi. Mwaka 1922 wazee wetu walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba. Siku zile mshahara ulitazama rangi ya mtu kabla ya kutazama kazi yake. Hata mwaka 1948 tume ya Holmes ilishauri kwamba mtu asiye Mzungu, ajapokuwa katika cheo kile kile, apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Ndipo mwaka 1954 tume ya Lidbury ikashauri utumishi usigawanywe tena kwa rangi. Basi kila tudaipo malipo ya kazi tuifanyayo, twafuata njia iliyokatwa na wengine.

Sasa tuyatazame masharti ya leo. Tunayo Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009. Yapasa kila karani azisome mwenyewe, asingoje kuhadithiwa barazani.

Jambo la kwanza ni hati. Mwajiri huomba kibali kwa Katibu Mkuu anayesimamia Utumishi, kisha mtumishi hupewa barua ya kukaimu. Kumshikia mkubwa wako ofisi siku chache, akiwa safarini, si kukaimu, hata kama umekaa katika kiti chake.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa wengi hukosea. Anayekaimu halipwi mishahara miwili. Hulipwa tofauti iliyopo kati ya mshahara wake na ule wa cheo anachokaimu. Tuseme mshahara wako ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na wa cheo kile ni shilingi 1,250,000. Posho yako ni shilingi 350,000. Ukikaimu miezi 6, haki yako yote ni shilingi 2,100,000.

Jambo la tatu ni muda. Kukaimu kusizidi miezi 6. Lakini msidhani kwamba miezi hiyo ikipita mtu amepanda cheo kwa nguvu ya siku. La, kukaimu si kupandishwa. Muda ule umewekwa ili kumkumbusha mwajiri ajaze nafasi, asimwache mtu akining'inia mwaka baada ya mwaka. Muda ukikaribia kwisha, mwandikie mwajiri wako kwa adabu, umwulize shauri lake.

Mabwana, nisemayo yamenipata. Zamani, katika ofisi moja ya pwani ya ziwa hili, mkubwa wangu alihamishwa. Nikaambiwa kwa mdomo, "Shika kwanza, barua itakuja." Nikapokea funguo, nikatia sahihi hati za malipo, nikajibu maswali ya wakaguzi, na usiku nilikosa usingizi kwa ajili ya fedha zisizo zangu. Miezi 11 ikapita. Mkubwa mpya aliposhuka garini moshi nilimkabidhi ofisi salama, kisha nikaomba haki yangu. Nikaulizwa neno moja tu: "Barua yako iko wapi?" Sikuwa nayo. Niliona haya kuiomba, nikidhani kuomba barua ni kumshuku mkubwa. Fedha zile sikuzipata hata leo, na mwaka ule mwanangu alikaa nyumbani bila karo.

Nimekuja kuwaambieni kwamba kuomba barua si utovu wa adabu. Siku ya kupokea funguo, omba barua. Ikichelewa, andika wewe mwenyewe, useme: "Tangu tarehe fulani nimeagizwa na fulani kushika kazi hii, naomba nithibitishiwe kwa maandishi." Weka nakala nyumbani. Andika pia siku uliyokabidhiwa ofisi na siku uliyoiacha. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari, nasi makarani tunaoshika madaftari ya wengine tusisahau letu.

Na ninyi mlio wakubwa wa ofisi, msimpe mtu mzigo mkamnyima hati. Aliyelinda sanduku lenu mnamjua, na kalamu mnayo.

Mwenye swali na aulize. Mwenye barua yake na ailete tuisome pamoja.