Mama kwa Mama: Msaada wa Jirani katika Wiki ya Kwanza ya Kunyonyesha



Mama anayehudhuria kliniki zetu hapa Nairobi, ukimwuliza mtoto mchanga apewe nini, atakujibu bila kusita: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, hata maji asionjeshwe. Elimu hiyo imefika. Mwaka 2003, utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta ni asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 61. Hiyo ni kazi ya mikono yenu, wauguzi, wakunga na wahamasishaji wa afya ya jamii. Lakini utafiti wa 2022 ulileta asilimia 60. Tumekwama palepale, na siamini kwamba mabango zaidi yatatukwamua. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mama.

Fikirieni siku ya tatu au ya nne. Mama amesharuhusiwa hospitalini. Maziwa yameshuka kwa wingi, matiti ni magumu na yana moto, chuchu imechanika, mtoto analia usiku kucha. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, huyu ana njaa. Maziwa yako mepesi, mpe hata maji ya glukosi." Anasema kwa mapenzi, ndivyo alivyolea wake. Mtoto akishibishwa kwa chupa atanyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya siku chache, maneno ya mama mkwe yanakuwa kweli.

Jirani aliyewahi kunyonyesha, tena akapata mafunzo, akiingia nyumba hiyo haanzi na mahubiri. Anaomba kuona mtoto akinyonya. Mara nyingi atakuta kinywa kimeshika ncha ya chuchu tu. Atamwelekeza mama amlaze mtoto tumbo kwa tumbo, asubiri afunue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha amlete mtoto kwenye titi badala ya kumwinamia. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya kinywa kuliko chini yake. Titi likiwa gumu mno, akamue kidogo kwa mkono kwanza ili lilainike. Kisha atamgeukia bibi wa mtoto na kumpa kazi: ahesabu mikojo. Wiki ya kwanza ikielekea kwisha, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku anashiba. Kwa maoni yangu hapa ndipo nyumba nyingi huokolewa, kwa sababu bibi aliyeona ushahidi kwa macho yake haleti tena chupa.

Jambo hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011 uliwatumia wanawake wa eneo husika kuwatembelea wenzao angalau mara tano, ziara ya kwanza ikiwa kabla ya kujifungua. Huko Mbale, Uganda, watoto wa wiki 12 walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 82 kwa waliotembelewa, na 44 kwa wasiotembelewa. Burkina Faso ilikuwa 79 kwa 35. Afrika Kusini, hata hivyo, ilikuwa 10 kwa 6 tu. Tusiifumbie macho takwimu hii. Wakati ule kliniki za serikali huko zilikuwa zikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Jirani hawezi kushindana na kliniki inayotoa kopo.

Wala hawezi kumlipia mtu kodi ya nyumba. Utafiti wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani hapa Nairobi, uliochapishwa pia 2011, ulikuta takriban asilimia 2 tu ya watoto walinyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Mama wa kibarua hurudi kazini mapema mno. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini anayesubiri kuitwa langoni alfajiri ataanzia wapi kukidai? Jirani atamfundisha kukamua, na mlezi kulisha kwa kikombe. Yaliyobaki ni yetu na ya waajiri.

Kati ya hatua 10 za hospitali rafiki kwa mtoto, mpango ulioanzishwa na WHO na UNICEF mwaka 1991, ya mwisho ilikuwa kuunda vikundi vya akina mama na kuwaelekeza wazazi huko wanapotoka wodini. Naomba tuitekeleze hivi: jina na simu ya mama msaidizi, yaani jirani aliyefunzwa, viandikwe katika kijitabu cha kliniki mama akiwa bado mjamzito, na muuguzi ampigie siku mzazi anaporuhusiwa. Mama msaidizi afundishwe dalili za kumrudisha mtu hospitali bila kuchelewa: homa na titi lililoiva wekundu, au mtoto mlegevu asiyeamka kunyonya. Na alipwe posho, nauli na pesa za simu. Hawa ni wanawake wanaofunga vibanda vyao vya mboga ili wakamhudumie mwenzao. Bajeti ya kaunti iwatambue kwa fungu lao wenyewe.