Haki ya Kura Isiwe Mtego

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Tunapozungumza juu ya siri ya kura, mara nyingi fikira zetu huishia kwenye sanduku. Mpiga kura akiisha kuikunja karatasi yake pasipo kuonwa, twaridhika kwamba siri imehifadhiwa. Nia yangu leo ni kueleza kwamba iko siri nyingine inayoitangulia hiyo: siri ya mahali anapoishi mtu ambaye maisha yake yamo hatarini.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Mpaka mwaka 1872 mpiga kura wa nchi hiyo alimchagua mgombea wake waziwazi, mbele ya hadhara. Mwenye ardhi alijua kura ya mpangaji wake, na tajiri alijua kura ya mfanyakazi wake. Sheria ya mwaka huo ilileta kura ya siri. Lakini daftari la wapiga kura liliendelea kuwa wazi, likionyesha majina na anwani. Sababu yake ilikuwa njema: daftari lililo wazi humwezesha mwananchi yeyote kugundua jina la marehemu, au la mtu asiyekaa mtaani.

Hata hivyo, kinga hiyo dhidi ya udanganyifu iligeuka mtego kwa baadhi ya watu. Mwanamke aliyemkimbia mume mwenye kumpiga, akahamia mji mwingine, alitakiwa kuandikisha anwani yake mpya katika kitabu ambacho mume huyo angeweza kukifungua. Vivyo hivyo kwa shahidi aliyewataja wahalifu mahakamani. Hakuna sheria iliyowanyima kura watu hawa; hofu ndiyo iliyowanyima. Na haki ambayo mtu hawezi kuitumia ila kwa kuhatarisha roho yake ni haki ya karatasini tu.

Ndipo Bunge la Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006 iliyoanza kutumika mwaka 2007, likaruhusu uandikishaji wa siri. Mwombaji hueleza hatari inayomkabili yeye au mtu anayeishi naye nyumba moja, na huleta amri ya mahakama au uthibitisho wa ofisa aliyetajwa na sheria. Akikubaliwa, daftarini huonekana namba yake na herufi N tu. Jina na anwani hubaki mikononi mwa msimamizi wa uandikishaji. Kibali hicho ni cha miezi 12, kisha hana budi kuomba upya. Mwaka 2023, vitambulisho vyenye picha vilipoanza kudaiwa katika vituo vya England, iliandaliwa hati maalumu yenye picha na namba ya mpiga kura huyo, pasipo jina.

Yafaa tuzingatie kwamba uchaguzi haukuharibiwa na utaratibu huo. Msimamizi amjua mtu huyo, amehakikisha kwamba anastahili, na kura yake ni moja kama ya mwingine. Aliyezuiwa kumjua ni yule tu asiye na haja halali ya kumjua.

Lakini sheria njema yaweza kukwamishwa na masharti magumu. Hapo mwanzo, uthibitisho wa polisi ulipaswa kutolewa na ofisa wa cheo cha mrakibu au zaidi. Mwanamke aliyefika usiku na watoto katika nyumba ya hifadhi angempata wapi mrakibu wa kumshuhudia? Shirika la Women's Aid, pamoja na wanawake walionusurika, walidai mabadiliko, na mwaka 2018 kanuni zikalegezwa. Tangu hapo inspekta wa polisi, daktari, muuguzi, mkunga na meneja wa nyumba ya hifadhi nao wana mamlaka ya kuthibitisha. Ndivyo inavyopasa: neno liaminiwe la yule aliyeyaona majeraha.

Ndugu wananchi, jambo hili si la Waingereza peke yao. Sisi tunalo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo uandikishaji wake ulianza mwaka 2004. Majina hubandikwa vituoni ili wananchi wayahakiki, na mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Utaratibu huo una manufaa makubwa. Lakini kwa mtu mwenye nia mbaya, orodha ile ile ukutani yaweza kumwonyesha mtaa anakoishi yule anayemsaka.

Walimu na watumishi ndio mara nyingi huitwa kuwa makarani wa uandikishaji na wa vituo vya kura. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wetu. Habari za mwananchi zilizo mikononi mwetu ni amana. Hazipaswi kusimuliwa barazani, wala kupewa jamaa anayedai kwamba anamtafuta mkewe. Na kila itakapojadiliwa sheria ya uchaguzi, tuulize bila kuchoka: huyu anayejificha ili aishi amewekewa njia gani ya kupiga kura? Daftari halitakamilika maadamu yeye amelazimika kubaki nje.