Seva ya Midia Nyumbani: Kuiweka na Kuiondoa



Wengi wenu mna kompyuta nyumbani iliyojaa video za harusi, picha za watoto na filamu, nanyi mngependa kuzitazama katika runinga ya sebuleni bila kuhamisha faili moja moja kwa flashi. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo seva ya midia. Plex na Jellyfin ni miongoni mwa zinazojulikana sana. Kompyuta hugeuka ghala: runinga au simu huomba, nayo hupeleka kupitia mtandao wa nyumbani, na video yenyewe hailigusi bando.

Lakini seva si kama programu ya kuandikia barua, ambayo hulala ukiifunga. Ukifunga dirisha lake, yenyewe hubaki ikingoja kuitwa, na Plex kwa kawaida huwaka kila unapoingia Windows. Hapo ndipo penye jambo lililonileta mbele yenu.

Mwaka 2022 kampuni ya Marekani iitwayo LastPass, ambayo kazi yake ni kutunza nywila za watu, iliibiwa nakala za kumbukumbu za wateja wake. Februari 2023 ilieleza kwamba wavamizi walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, wakitumia kasoro iliyokuwa katika programu ya midia. Walipandikiza humo programu ya kunasa kila herufi aliyochapa, wakaipata nywila yake kuu. Plex ilithibitisha kwamba programu hiyo ilikuwa yake, na kwamba kasoro ile ilikuwa imerekebishwa tangu Mei 2020. Mhandisi hakuwa amesasisha. Huyo ni mtu anayeijua kompyuta kuliko wengi wetu humu ukumbini.

Kwa hiyo, unapoiweka, ipakue katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Windows ikiuliza iiruhusu katika mtandao gani, chagua wa binafsi pekee. Huduma ya kutazama ukiwa mbali iache imezimwa kama huihitaji, na masasisho yapokee yanapokuja.

Kuiondoa ndiko kunakowashinda wengi. Mimi mwenyewe niliwahi kufuta aikoni ya programu ya aina hii nikadhani nimemaliza. Miezi kadhaa baadaye niliikuta pale chini karibu na saa, ikiendelea na kazi. Kufuta aikoni ni kung'oa kibao cha duka, mwenye duka yumo ndani. Anza kwa kuizima kupitia alama yake hiyo iliyo karibu na saa, kisha iondoe katika orodha ya programu kwenye Mipangilio ya Windows. Msihofu kupoteza video za harusi: seva huziorodhesha tu, nazo hubaki katika folda zenu.

Hata hivyo, Plex huacha folda yake ya data, yenye jina Plex Media Server, ndani ya AppData, katika folda ya Local. Humo mna picha za majalada na orodha za vile ulivyotazama, na huweza kujaza GB kadhaa. Ifute kwa mkono wako. Ikiwa uliwahi kuruhusu kutazama ukiwa mbali, ingia pia katika mipangilio ya ruta uangalie kama lango namba 32400, linalotumiwa na Plex, au 8096 la Jellyfin, bado limeelekezwa kwenye kompyuta yako. Ukilikuta, lifute.

Inabaki akaunti. Jellyfin haikudai akaunti ya nje, Plex hukudai. Agosti 2022 Plex iliwataka watumiaji wabadili nywila baada ya mvamizi kufikia taarifa zao, na ombi hilo liliwahusu hata waliokwisha kuisahau programu. Ingia, viondoe vifaa vilivyounganishwa, kisha uifunge akaunti. Kama nywila hiyo uliitumia pia katika barua pepe, ibadilishe huko leo hii.

Nimekuja na kompyuta. Mwenye swali asogee, tutazipitia hatua hizi pamoja.