Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wageni wa Pwani ya Kilwa na Lindi

(Hotuba kwa washarika na wageni wa dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutajwa mara nyingi mgeni anapokaribishwa, naye hufurahi kuisikia. Hata hivyo ndani yake limo sharti. Kupona kwa mwenyeji hutegemea namna mgeni anavyobisha hodi, anavyoketi, na anavyosimulia habari za wenyeji wake akisharudi kwao. Pwani ya Kilwa na Lindi ni mahali pafaapo kuipima methali hiyo, kwa maana imepokea wageni kwa karne nyingi, na habari za baadhi yao zimehifadhiwa katika maandishi.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier huko Moroko, aliteremka Kilwa akitokea Mombasa. Mji huo ulikuwa umestawi kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, na mtawala wake alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye katika enzi yake lilijengwa jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta aliihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri sana. Lakini zaidi ya majengo, aliandika habari za watu. Alimweleza Sultani kuwa mtu mnyenyekevu, aliyeketi na mafukara na kula pamoja nao, na ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Alisimulia pia jinsi fukara mmoja kutoka Yemen alivyomwomba Sultani nguo alizovaa siku ya Ijumaa baada ya sala, naye akaenda kuzibadili na kumpa.

Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba Sultani alivamia nchi za jirani na kuchukua mateka, na kwamba watumwa walitolewa kama zawadi. Ukarimu wa mji ule, basi, haukuwafikia watu wote. Tena ilikuwa rahisi kwa Ibn Battuta kupokelewa, kwa kuwa alikuwa wa dini moja na wenyeji wake. Pamoja na hayo, alifika bila silaha, akakubali kuwa mgeni, na aliporudi kwao akawataja wenyeji kwa majina na kwa tabia zao. Kwa sababu hiyo, leo Mtanzania anayetaka kujua habari za Kilwa ya wakati ule huanzia kwake.

Wageni wa pili walikuwa Wakristo, na hapo Mkristo anapaswa kusikiliza kwa unyenyekevu. Mwaka 1500 merikebu za Pedro Álvares Cabral wa Ureno zilifika Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu kwa Mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, watu wake wakaupora, kisha wakajenga ngome. Kufikia mwaka 1512 Wareno walikuwa wameiacha Kilwa.

Dhahabu iliyotozwa kwa Amiri Ibrahim ilipelekwa Lisbon. Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe chombo cha kuwekea Sakramenti, nacho kikakamilika mwaka 1506. Kinajulikana kama chombo cha Belém, na kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Lisbon. Waliokiona wanakisifu kwa ufundi wake. Lakini chombo kilichokusudiwa kumtukuza Yeye aliyejitoa bure kwa ajili ya wengine kilifuliwa kwa mali iliyotolewa kwa hofu ya mizinga. Kanisa lolote linaloadhimisha historia yake halina budi kukumbuka kwamba hilo linawezekana: kutoa sadaka nzuri kutoka katika mali ya mtu aliyeumizwa.

Safari ya tatu ni ya karibu zaidi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa ikiwa imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Ilikuwa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa waliotoweka duniani zamani sana. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba huko. Mifupa na mawe yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa safari ya siku nne hadi bandari ya Lindi. Kazi ilipopamba moto, wafanyakazi wa machimboni walifikia 500 hivi. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na nchi ilikuwa bado na majeraha ya vita hivyo na ya njaa iliyofuata.

Msimamizi mkuu wa wafanyakazi hao alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejifunza kuitambua na kuitoa mifupa bila kuivunja. Mjusi mashuhuri kuliko wote, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937 kwa urefu wa zaidi ya mita 13, alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin. Jina la Boheti lilisubiri hadi mwaka 2007, mtaalamu mmoja alipomwita mjusi mwingine wa Tendaguru *Australodocus bohetii*. Mwaka 2019 wengine wakamwita mwingine *Wamweracaudia keranjei*, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine wa uchimbaji. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya wageni kuwapa mijusi hao majina ya wenyeji waliowafanyia kazi.

Ndugu wapendwa, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, safari ya kwenda Kilwa na Lindi imekuwa nyepesi. Vijana wanaopanga ziara ya kwaya, na wageni wanaotoka ng'ambo, waende. Wakifika Kisiwani waanze kwa shikamoo, wasikilize kabla ya kupiga picha, na waulize jina la anayewaongoza.

Usharika nao una Tendaguru yake. Wamisionari walioandikwa vitabuni walipikiwa chakula na watu, wakatafsiriwa na watu, na mizigo yao ikabebwa na watu. Kitabu cha miaka 100 kikiwataja waliofika na kuwasahau waliowapokea, mwenyeji atakuwa bado hajapona. Wazee wanaokumbuka majina hayo wamo humu kanisani leo. Kila familia na iwaulize wazee wake, iyaandike majina, na kuyafikisha kwa katibu wa usharika, wakati bado yupo wa kuulizwa.