Kabla ya kumtaja jirani, tutazame maji

Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wao, kando ya Ziwa Edward



Leo tunazungumzia neno moja: sumu. Samaki wakionekana wamekufa ufukweni, minong'ono huanza: «Ni wale wageni waliotia sumu.» Neno hilo linaweza kumwaga damu. Basi tujue kwamba hata maji yenyewe yanaweza kuzaa sumu.

Ziwani kuna vijidudu vya kijani ambavyo wengi huviita mwani. Maji yakiwa na joto, yakitulia, na yakipokea mbolea na uchafu wa vyoo, vijidudu hivyo huongezeka mpaka maji yanafanana na rangi iliyomwagwa. Ziwa George la Uganda linajulikana kwa maji ya kijani tangu wataalamu walipolichunguza miaka ya 1960, na maji yake hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward letu.

Baadhi ya vijidudu hivyo hutoa sumu iitwayo maikrosistini, inayoharibu ini. Samaki mkubwa anaweza kukimbia maji mabaya, lakini yai haliwezi. Wataalamu waliojaribu sumu hiyo kwenye mayai ya samaki waliona mengine yakianguliwa kabla au baada ya wakati wake. Vitoto vilivimba, migongo ikapinda, mioyo haikupiga sawasawa, na vingine vilishindwa kuogelea. Kitoto cha namna hiyo hufa bila mtu kukiona. Ndiyo maana hasara yake hatuioni siku hiyo. Tunaiona baadaye, nyavuni.

Hatusemi kwamba kila wavu mtupu umeletwa na mwani. Uvuvi wa kupita kiasi na nyavu za matundu madogo pia vinamaliza samaki. Na kama mtu anavua kwa sumu, sheria ipo. Lakini ushahidi utangulie.

Kwa hiyo tunawaomba haya:

Maji yakiwa ya kijani kibichi, tusiyanywe wala kuyapikia, na watoto wasiogee humo. Kuyachemsha hakuondoi sumu hii.

Samaki waliokutwa wamekufa tusiwale wala kuwauza.

Vyoo vya kambi na vya vijiji vichimbwe mbali na ufuko, na mazalio ya samaki yaachwe yapumzike.

Samaki wakifa, wenyeji wawili na wahamishwa wawili waende pamoja kutazama rangi na harufu ya maji, kisha wawaarifu viongozi na watu wa afya. Kabla ya hapo, jina la mtu lisitajwe.

Ndugu zetu, wote tunakula kutoka ziwa moja. Tukilinda mayai ya samaki, tunalinda pia ujirani wetu.