Mto Mmoja, Wenyewe Wengi: Funzo la Naili kwa Watu wa Tana

(Hotuba kwa wakazi wa Hola)



Anayeishi mwisho wa mto hutumia kile alichoachiwa na wa juu. Mkazi wa Hola au Garsen hahitaji kufundishwa hilo. Lakini yako mataifa ambayo yamelibishania kwa karibu miaka mia, na safari yao ina funzo hapa.

Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya nchi ilizozitawala, ilikubaliana na Misri kwamba pasijengwe chochote kwenye Mto Naili wala maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri bila idhini ya Misri. Mito ya Kenya inayoingia Ziwa Viktoria ikafungwa na mkataba ambao Wakenya hawakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Ethiopia, inakotoka sehemu kubwa ya maji hayo, haikuwa mezani.

Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alikataa nchi yake kufungwa na makubaliano ya mkoloni. Mazungumzo yakaendelea, na Mei 2010 mkataba mpya ulianza kutiwa saini Entebbe, Uganda. Kenya ilisaini mwezi huo huo. Mkataba ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya nchi sita kuuridhia. Misri na Sudan hazijasaini.

Mkataba huo haupimii nchi maji kwa debe. Unaweka kanuni: kila nchi itumie maji kwa haki na kwa kiasi, isimdhuru jirani, na impashe habari mapema kuhusu miradi inayopangwa.

Mto Tana hauvuki mpaka wa nchi. Hata hivyo, kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini unapitia kaunti nyingi, na juu yake yako mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakifurika, mashamba ya huku huenda na maji. Mto ukipungua, mkulima na mfugaji hukutana kwenye malka moja. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana, na ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwa miongoni mwa chanzo.

Kwa hivyo kanuni za Naili zinafaa hapa pia, na sheria imezifungulia mlango. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya mto, na maombi ya vibali hivyo yanapasa kupitia maoni ya umma. Sheria hiyo pia inatambua vyama vya watumiaji wa maji, ambamo mkulima na mfugaji wanaweza kupatana kabla ya kiangazi.

Wakazi mnahimizwa kujiunga na vyama hivyo na kufika kwenye vikao vya maoni. Kenya ya 1929 na Ethiopia ya 1959 zilikatiwa shauri zikiwa hazipo. Watu wa Tana wasikubali kukatiwa lao vivyo hivyo.